Kiti cha Baba Dirishani

Kopo la hadena lilikuwa dogo, halizidi kopo la maziwa ya mtoto, lakini ndilo lililomkosesha raha fundi cherehani wiki nzima. Maandishi yake aliyasoma mara ya kwanza dukani, mara ya pili jikoni, na mara ya tatu akiwa amelishika mbali na uso kama mtu aliyeshika nyoka mkiani. Palichorwa kifua cha mtu, na ndani ya kifua kitu kama nyota iliyopasuka. Chini yake iliandikwa kwamba mwenye pumu asikaribie. Haikuandikwa asikaribie hatua ngapi. Mtu aliyezoea futi ya kushonea hupenda vipimo, na hapa kipimo hakikuwapo.

Na mwenye pumu alikuwa sebuleni, akiuliza chai imepotelea wapi.

Alikuwa baba yake. Mtaa mzima ulimwita Kioo, jina alilopewa na mafundi wenzake enzi za kupuliza rangi za magari, kwa kuwa gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Alipuliza miaka thelathini na minane, na kinga yake miaka yote hiyo ilikuwa leso aliyoifunga puani. Leso huzuia vumbi. Mvuke wa hadena, ile dawa inayochanganywa na rangi ili ikauke ngumu na kung'aa, hupita kwenye leso kama maji kwenye chujio. Kifua kilianza kumbana pole pole, na siku alipostaafu hakuweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kukaa katikati.

Siku mzee alipozidiwa, daktari alikuwa amemweleza binti bila haraka. "Kifua cha mzee kimeshaikataa hadena. Mimi na wewe tukiivuta tutaumwa kichwa. Yeye akiivuta, hata kidogo, njia za hewa zitajifunga. Safari hii tumemrudisha. Safari nyingine siahidi kitu, dada." Kisha akaushika mkono wa mzee na kuonyesha vidole. "Mtazameni kucha na midomo. Vikianza kugeuka rangi, msingoje."

Tangu siku hiyo fundi cherehani alizitazama kucha za baba yake kama watu wengine wanavyotazama saa.

Gari lenyewe lilikaa bandani chini ya turubai miaka kumi na sita. Lilikuwa dogo, la milango miwili, lenye pua ya mviringo na taa zilizotumbua kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Kioo alilinunua likiwa chakavu, akaliponda na kulinyoosha jioni baada ya kazi, akalipaka rangi aliyoichagua mkewe. Mkewe alikwisha tangulia. Rangi nayo ilikuwa imekufa, imebaki ngozi ya kijivu yenye magamba.

"Nataka nilione linang'aa mara moja tu," mzee alisema. "Halafu mnizike mimi na woga wenu kaburi moja."

"Kaburi moja hamtaenea," dada yake alijibu kutoka jikoni. "Woga wa binti yako ni mnene kuliko wewe."

Huyu dada mtu, ambaye fundi cherehani alimwita shangazi, alihamia kwao baada ya msiba, akaja na sanduku moja na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliokuwa mzito zaidi.

Kazi ya bati binti aliifanya mwenyewe kwa miezi mitano, akijifunza kwa kuuliza na kuharibu. Alikwangua magamba, akajaza mashimo kwa puti, akapiga msasa mkavu kisha msasa wa maji, mpaka baba yake akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye bawa la mbele, akasema, "Hapa pana kilima." Yeye hakukiona kilima hicho. Alipiga msasa tena, na kiganja kikapita kimya.

Rangi ya zamani waliipata mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Binti alipobandua mpira wa buti, chini yake palikuwa na utepe mwembamba kama upindo wa gauni, wa kijani kilichokolea, kijani cha jani la mgomba upande wa juu baada ya mvua. Mzee aliutazama kwa muda mrefu. Akaulowesha kwa kidole chenye mate, akautazama tena.

"Ndiyo yenyewe," alisema, akatoka nje.

Dukani mchanganyaji rangi alijaribu mara nne. Kila mara alipaka kipande cha kadi, na binti akakipeleka nyumbani, kwa kuwa baba alikataa kuhukumu rangi chini ya taa za duka. Alitaka ionekane saa nne asubuhi, kivulini, kisha juani. Kadi ya kwanza ilikuwa na njano nyingi. Ya pili ilikuwa "kijani cha sare za shule." Ya tatu ilikaribia. Ya nne aliiweka juu ya ule utepe, na mpaka kati yao ukapotea.

Ugomvi ulikuja kwenye aina ya rangi. Binti alitaka rangi ya mafuta, isiyo na hadena, ipakwe kwa brashi.

"Rangi ya mafuta ni ya mageti, mama," baba yake alisema. Alimwita mama pale alipotaka kumshinda. "Gari hulipaki kwa brashi. Hivi wewe unaweza kushona suti kwa sindano ya magunia?"

"Suti haiui mtu, baba."

"Nitakaa nje. Sitatia mguu ndani. Nimekula yamini."

"Nenda kwa mdogo wangu siku hiyo. Siku moja tu."

"Nifukuzwe kwenye harusi yangu mwenyewe?" Akaanza kukohoa, na binti akatazama kucha zake, na mjadala ukaisha hapo, maana kila alipobishana naye ilikuwa kama kumbana kifua kwa mikono yake mwenyewe. Akakubali. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alikubali, na jibu lilikuwa lile lile. Tangu mama afe hakuwahi kumwona baba yake akitaka kitu.

Basi alipanga kila kitu kama anavyopanga vipande vya kitambaa kabla ya mkasi. Banda lilishikana na nyumba. Kwa mbele lilikuwa na dirisha la kioo lisilofunguka, lililotazama barazani, na upepo wa asubuhi ulitoka upande huo. Aliziba nyufa zake zote kwa utepe wa gundi. Mlangoni alitundika mapazia mawili ya nailoni, moja nyuma ya jingine. Ukuta wa nyuma alitoa tofali sita, akaweka feni kubwa ya kusukuma mvuke utoke kwenye ujia wa nyuma, mahali pasipopita mtu. Huko huko ujiani akaiweka kompresa, mashine ya kujaza hewa, ili mtikisiko wake usiamshe vumbi bandani. Bomba la hewa akalipenyeza chini ya feni. Alijinunulia barakoa ya mpira yenye vichujio viwili pembeni. Kiti cha baba alikiweka barazani, mbele ya dirisha.

"Kutoka hapa utaniona mwanzo mpaka mwisho," alimwambia.

"Na wewe utanionaje nikikwambia unakosea?"

Wakakubaliana ishara. Kidole kimoja, punguza mwendo. Viwili, sogea karibu. Ngumi, simama.

"Na akitaka chai?" shangazi aliuliza.

"Akitaka chai wewe upo. Shangazi, nakuomba. Usimwache peke yake. Hata dakika mbili."

"Mimi nimemlinda huyu tangu ananyonya kidole. Nenda kapake gari lako."

Siku ya kazi aliamka mapema. Alimwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Akapangusa bati lote kwa kitambaa chenye nta. Akatoka kutazama kiti: baba yake ameketi, kofia kichwani, kichupa cha dawa ya kuvuta mfukoni, shangazi kando akimenya viazi. Akarudi ndani. Akatoka tena kuhakikisha upepo haujageuka, akarusha unga kidogo hewani na kuutazama ukielekea nyuma ya nyumba. Akarudi. Akapima rangi, akapima hadena, akakoroga. Tangu hapo hakuna kurudi nyuma, kwani rangi iliyokwisha changanywa haimsubiri mtu. Akavaa barakoa, akawasha feni, akawasha kompresa kwa swichi ya ndani, akaishika bunduki ya kupulizia.

Pale mbele ya dirisha, baba yake aliinua kidole kimoja. Polepole.

Alianza na paa. Rangi ilitoka kama ukungu na kulala juu ya kijivu, na kijivu kikamezwa. Alienda kwa mistari, kila mstari ukiukanyaga nusu mstari uliotangulia, kama alivyofundishwa. Kila alipofika mwisho wa mstari alitazama dirishani. Vidole viwili: akasogea. Kidole kimoja: akapunguza. Ubavu wa kulia ukaisha, mlango wake ukaisha, na kwenye ule mlango uliolowa akajiona, mtu mwenye uso wa mpira na macho yaliyotoka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yakamshuka. Dirishani baba yake alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

Akahamia kwenye boneti. Katikati ya mstari wa tatu bunduki ilikohoa. Ilitema kitu, na juu ya kijani kikatokea kijicho, tundu dogo la mviringo ambamo rangi ilikuwa inakimbia kila upande. Kisha kingine. Kisha vitano. Hakuelewa. Kwa dakika kadhaa akapuliza tena na tena juu yake bila kutazama dirishani, vikazidi. Akainua kichwa kutafuta ishara.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alidhani macho yanamdanganya, kwa kuwa plastiki ya barakoa ilikuwa na ukungu. Akasogea hadi kwenye kioo. Kofia ilikuwa sakafuni. Sufuria ya viazi ipo, kisu kipo, shangazi hayupo. Palikuwa na alama ya kiganja kwenye kioo, na nyingine, na nyingine, kama mtu aliyegonga kwa nguvu, akagonga, na asisikiwe. Ndani kompresa na feni vilikuwa vimejaza masikio yake. Angegonga hadi kesho.

Bunduki ilikuwa bado mkononi, imejaa. Boneti mbichi nusu, ubavu wa kushoto haujaguswa. Aliiachia. Ilianguka juu ya bawa na kulikwaruza, wala hakugeuka. Alipasua pazia la kwanza, akapasua la pili, akatokea barazani akivua barakoa, akakutana ana kwa ana na shangazi aliyetoka ndani ya nyumba.

"Yuko wapi?"

"Kanituma miwani," shangazi alisema. "Nimepindua nyumba nzima, miwani haipo. Sasa naikumbuka, anayo mfuko wa shati, mjanja huyu..." Akaona kiti.

Fundi cherehani alinyamaza ili asikie. Kompresa ilikuwa inaunguruma kule nyuma, na chini ya mngurumo ule palikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya hewa inayofyonza na kutema. Aliijua. Ni sauti ya koki ya chini ya tangi la kompresa inapofunguliwa kumwaga maji. Hewa ikishindiliwa tangini hutoa jasho, na maji yake yasipomwagwa hupanda na bomba na kutemwa juu ya rangi. Ndivyo vile vijicho. Kila asubuhi baba yake alimkumbusha: kabla ya yote, mwaga maji. Leo alitazama upepo mara mbili, kiti mara tatu, vidole vyote kumi vya mzee, na maji hakuyamwaga. Hofu ya kumlinda ndiyo iliyomsahaulisha. Na baba, aliyemwaga maji ya kompresa miaka thelathini na minane, aliona kijicho kimoja kupitia dirishani, akagonga asisikiwe, akamtuma dada yake miwani ili asimzuie, akaenda kuyamwaga, kwa sababu mazoea yana taabu, na mikono ilifika kabla ya akili.

Na kompresa ilikuwa chini ya feni. Mvuke wote wa bandani ulikuwa unamwagwa pale pale.

Hakukumbuka alivyoizunguka nyumba. Ujiani ukungu wa kijani ulikuwa umetanda kama moshi wa kuni mbichi, na ndani yake baba yake alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja kwenye koki, mwingine ukutani. Kofia hana, leso puani. Leso! Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, na hakuna sauti iliyotoka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kikohozi chochote. Kukohoa ni kupumua.

Alimshika kwapani, akamburuta kinyumenyume. Mzee alikuwa mwepesi kuliko jora la kitambaa. Akamfikisha barazani, akamkalisha, akamvuta leso. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Akageuza mkono. Kucha zilikuwa rangi ya zabibu.

"Dawa! Mfukoni!"

Shangazi alikuwa amekwisha itoa, na miwani ikatoka nayo, ikaanguka na kuvunjika. Dawa ya kwanza ilitokea pembeni ya mdomo. Ya pili ikaingia kidogo. "Vuta, baba. Vuta. Kidole kimoja, polepole, polepole." Hakujua anasema nini. Macho ya mzee yalikuwa yamekaa usoni pake, yamefunguka sana, hayamlaumu, yanashangaa tu, kama mtoto aliyefungiwa mlango.

"Kaka," shangazi alisema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa fundi cherehani kumsikia akimwita hivyo. "Kaka, usinifanyie hivi mimi." Kisha akaruka ukuta mfupi, mwanamke wa miaka sabini na mbili, akipiga kelele kumwita jirani mwenye pikapu.

Njiani binti alikaa nyuma na kumwegemeza baba kifuani kwake. Alihesabu. Pumzi moja, kimya. Moja, kimya kirefu. Kwenye mataa gari lilisimama, na kimya kikarefuka hadi akaanza kumtikisa. Pumzi ikaja, nyembamba, na filimbi ndani yake. Hajawahi kusikia filimbi tamu kama ile.

Walimwekea oksijeni siku mbili. Daktari hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema tu, "Dakika tano nyingine, dada," na hakumalizia.

Siku ya tatu mzee alifungua macho na kuivuta pembeni barakoa ya oksijeni.

"Uliyamwaga maji?"

"Uliyamwaga wewe, baba."

"Boneti?"

"Imejaa vijicho."

Akavuta pumzi mbili. "Ipige msasa. Halafu upulize upya."

"Sipulizi tena." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Hadena nimeitoa nyumbani. Ukitaka gari hilo libaki nusu, litabaki nusu. Nilikuwa naogopa kukunyima kitu. Sasa naogopa kingine."

Mzee akageuza uso ukutani. Shangazi, aliyekaa miguuni pa kitanda, akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Binti alitazama mgongo wa baba yake chini ya shuka, ukipanda, ukishuka. Alijiandaa kuchukiwa. Kuchukiwa angeweza kuishi nako.

"Brashi ya nywele laini," mzee aliuambia ukuta. "Ile ngumu inaacha mistari."

Hakurudishwa nyumbani mara moja. Alikaa kwa mwanawe mdogo wiki nne, na katika wiki hizo binti aliacha banda wazi mchana kutwa, akapiga msasa wa maji boneti na kila alipopuliza, akaosha sakafu na kuta. Mchanganyaji akatengeneza kijani kile kile kwa rangi ya mafuta. Daktari alipoulizwa alifikiri kwanza, kisha akasema haina hadena, lakini hata hiyo harufu si rafiki. Gari litolewe uani, mzee akae mbali, upande upepo unakotoka, na akihisi kubanwa aondoke.

Basi walilisukuma uani, na kiti kikawekwa hatua kumi na tano, alizozihesabu binti mwenyewe. Safari hii palikuwa na kipimo.

"Naona mnapaka geti," shangazi alisema. "Bawaba ziko wapi?"

"Nyamaza, bibi wee," mzee alisema. "Geti lako ni hilo mdomoni, na halina komeo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na brashi ikasimama hewani mkononi mwa binti. Tone la kijani likaangukia kiatu chake. Alisubiri. Kikohozi kikapita.

Akarudi mlangoni. Rangi ya mafuta ilikwenda taratibu, nzito, na ukiinama ungeona nyayo za brashi, hata hizo laini. Haikuwa kioo. Mtu asingeweza kunyolea ndevu hapo. Ila jua lilipolipiga, lilikuwa jani la mgomba baada ya mvua, na mzee alikuwa amelitolea macho bila kupepesa.

Akainua kidole kimoja. Polepole.

Binti aliutazama mkono ule kutoka hatua kumi na tano. Hakutazama kinachoelekezwa. Alitazama ukucha, akakunja macho dhidi ya jua mpaka akawa na hakika na rangi yake, ndipo akachovya brashi tena.